Bima Haioshi Maiti

Kariakoo, Jumanne

Hii meli ya Lindi inanitisha. Lakini kaka yangu anaumwa, lazima niende.

Mwenyekiti wa chama cha kuzikana, chetu sisi makuli, kasema, "Ukifia hapa mjini tutakuosha, tutakuzika. Ukifia njiani, hatukufikii."

Nikaenda kwa Mhindi wa bima. Akasema, "Ukifa safarini, binti yako atapata pesa."

"Na nani ataniosha?"

Akacheka. "Bwana we, bima haioshi maiti!"

Nimeikata hivyohivyo. Tangu mama yake afe, Mwanaidi hana mtu ila mimi.

Halafu nimenunua sanda, nisije nikatupwa baharini na suruali ya kazi. Mwanaidi kauliza ya nini. Nikamwambia ni shuka ya kulalia. Kaikunja vizuri, kaiweka juu ya mzigo wangu.