Ile Dawa ya Dhahabu

Majengo, Pumwani

Kwako mke wangu mpenzi, Mama Atieno,

Habari za hapo nyumbani? Atieno kikohozi kimeisha? Na wewe na hiyo mimba ya miezi sita, mnaendeleaje? Mimi mwili ni mzima, homa imeniacha. Ni kichwa tu ambacho sikielewi, ndiyo maana nakuandikia hata kabla hujaijibu ile barua ya kwanza.

Homa ndiyo iliyoanza mambo. Nilienda kliniki, nesi akaniwekea themomita kwapani. Nikakohoa, ikaanguka, ikapasuka, vitone vikatawanyika sakafuni viking'aa. Nikainama kuviokota. Nesi akapiga kelele, "Wee baba! Usiguse, hiyo ni sumu!"

Nikacheka. Nikamwambia, "Dada, hii ni dawa. Kwetu tunaoshea dhahabu." Nikamweleza kwa maringo kabisa: mimi ndiye humpelekea ndugu yangu Ouma chupa kila Krismasi, natoa kwa fundi mmoja wa soko la Gikomba. Ouma anaichanganya na mchanga, inashika dhahabu, kisha anasuuza karai kwenye lile dimbwi la mto. Nesi akauliza, "Na samaki wa dimbwi hilo wanaliwa na nani?" Nikasema mke wangu ndiye hutega kambare hapo, na kwa vile ana mimba, anakula sana. Akaweka kalamu chini, akanieleza.

Eti hiyo kitu ikikaa kwenye tope inageuka, inaingia kwa samaki, na ukimla samaki inaweza kumfikia mtoto tumboni, imharibu akili. Nikamuuliza, itamharibu au haitamharibu? Akasema hajui, inategemea. Inategemea nini jamani? Kama ni sumu, mbona wanatuwekea kwapani, wengine hata mdomoni? Na mbona kambare wenyewe hawafi? Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba mwaka huu wamenona.

Nikamuuliza mwenye nyumba wangu, Bi Zuhura, mzaliwa wa hapa Majengo anayejua Kiswahili chote. Akasema hiyo inaitwa zebaki, nani aliwadanganya ni dawa? Akanikataza kuingia nayo kwake. Nikaenda kwa fundi. Yeye akasema, "Wachana na huyo nesi, bana! Mimi nashika hii kitu na mikono kila siku na niko tu sawa." Lakini mikono yenyewe ilikuwa ikitetemeka akinionyesha. Sijui ni zebaki, sijui ni ile pombe yake ya chang'aa. Nimechanganyikiwa, mke wangu. Na nimeogopa, sikufichi.

Tafadhali usile tena samaki wa dimbwi, wala Atieno asile. Hata ukichemsha mpaka wavurugike haisaidii, nilimuuliza nesi. Najua nimekunyima kitoweo, na hapo nyumbani watasema nimeingiwa na maringo ya Nairobi. Wacha waseme. Mwambie Ouma asisuuze tena mtoni, na chupa iliyobaki aifunge vizuri, asiimwage popote mpaka nije. Atakasirika. Atasema mimi ndiye niliyeileta, na ni kweli.

Kuna jambo limenikaa rohoni, heri nikwambie. Zamani Ouma alikuwa akisuuza karai hapo uani. Ni mimi niliyemkataza, Krismasi hii iliyopita. Nilimwambia dawa ya watu si ya mbuzi, wasije wakailamba wakafa, aende akasuuzie dimbwini. Nilifikiria mbuzi, Mama Atieno. Wewe sikukufikiria.

Nisalimie Mama, mwambie magoti yake nayaombea. Nisalimie shangazi anayekusaidia kuteka maji, na Ouma pia, hata kama amenuna. Mbusu Atieno.

Usijisumbue kunijibu mambo mengi. Niandikie tu kama mtoto bado anacheza tumboni.

Ni mimi mume wako, ninayekuwaza,
Baba Atieno