Babu Koo Tsun-hok na Korongo ya Bibi Tiunn

Umetimia mwaka mmoja, Babu, tangu taifa zima la waendesha baiskeli, na huenda bara la Asia kwa jumla, lilipopoteza jicho lake kali kuliko yote. Taifa lenyewe halikupata habari. Mazishini walikuja majirani, wazee wanne wenye grisi kwenye kucha, na mbwa wa muuza chaza.

Sisi tulijua tumempoteza nani.

Ulikuwa ukiondoka mjini Lukang alfajiri na mikate ya mvuke mfukoni, ukizunguka vijijini kuchungulia mabanda ya watu, ukitafuta baiskeli kuukuu. Ukiona usukani wenye kutu chini ya magunia, hukuuliza bei. Uliomba chai. "Mtu hampi mgeni baiskeli ya marehemu wake," ulituambia. "Kwanza uache kuwa mgeni."

Kwa Bibi Tiunn, mfugaji bata, ulikunywa chai miaka sita. Bandani mwake ilikuwamo Korongo, baiskeli ya marehemu mumewe: breki za fimbo, taa ya shaba, ndege mdogo wa chuma kwenye madigadi ya mbele. Ulimzibia paa. Ulimtengenezea pampu. Mwaka wa saba akakwambia, "Wee mzee, majani yangu ya chai umeyamaliza. Chukua baiskeli yako, uniache nipumzike!" Uliikokota hadi nyumbani, kilomita kumi na moja, ukilia, bila kuipanda.

Asante kwa siku ile shule ya bweni iliponirudisha nyumbani kwa sababu ya bata watatu waliokutwa ofisini kwa mkuu. Kila mtu alinihubiria. Wewe ulinirushia kitambaa. "Shika, mkorofi. Sugua rimu." Nilisugua wiki nzima, na hukuuliza lolote, isipokuwa kama bata wale walikuwa wazima.

Juzi tulikuandalia meza ya kumbukumbu ya mwaka, mbele ya picha yako: chaza wa kukaanga, wali, chai yako chungu. Bwana Giam, mkusanyaji kutoka Taipei, alikuwa ameiomba Korongo. Alikuja mara moja, akapiga picha, chai hakugusa. Mjomba Bing-hui alitaka kumpa. "Mama," akamwambia Bibi, mkeo, "baiskeli zimejaa, tunapita ubavu ubavu humu ndani!"

Tukakuuliza wewe, kwa vile vibao viwili vyekundu vya kuulizia wafu, vyenye umbo la mwezi mchanga, tumbo bapa na mgongo wa mviringo. Kimoja kikilala kifudifudi na kingine chali, umekubali. Vyote vikionyesha mgongo, umekataa.

Mjomba akarusha. Umekataa.

"Hajasikia. Sikio la kushoto lilikuwa bovu." Akahamia kulia kwa picha yako, akarusha. Umekataa.

Mimi, kichwa nimeinamisha, nikasema, "Tuheshimu matakwa ya marehemu."

Akarusha mara ya tatu. Ukakataa, na kutoka kwenye kibao kimoja ikachomoka gololi ya chuma, ikabingirika taratibu sakafuni hadi kwenye ndara ya Bibi. Bibi akaiokota, akaipeleka dirishani.

"Giok-hun."

"Abee, Bibi."

"Hii ni ya ekseli ya nyuma. Babu yako siku hizi anajibu kwa vipuri?"

Nikasema yote. Nilitoboa vibao upande bapa kwa keekee, nikajaza gololi, nikaziba kwa nta na rangi. Sikutaka Korongo iende kwa mtu asiyejua hata jina la Bibi Tiunn.

Bibi hakunipiga. Alikwenda kuazima vibao kwa jirani, akarusha mwenyewe. Vyote vikalala chali, matumbo juu. Maana yake hujibu, unacheka. Akarusha tena. Unacheka. Mara ya tatu, Mjomba naye akashindwa kujizuia, akaketi sakafuni akifuta machozi. "Basi, basi, mzee! Huyo Giam aje kwanza anywe chai."

Tunaokushukuru kila siku ni mkeo Siok-ngoo, mwanao Bing-hui, binti yako Le-hun, ambaye ni mama yangu, na mimi mjukuu wako. Mioyoni mwetu huondoki.

Nisamehe, Babu, kwa kukusemea. Zile "hapana" tatu zilikuwa zangu. Kicheko sikukigusa.