Rakaa ya Nne

Jumatatu, 14 Julai 2025

Aya moja. Asubuhi nzima nimesoma aya moja! Ni barua ya mteja wa Mbegani, anataka mpaka wa kiwanja chake upimwe upya. Nikifika katikati simu inatetemeka, naitazama, narudi juu. Mpaka mchana sijui mnazi wa mpakani ni wake au wa jirani.

Na bado nipo kwenye majaribio. Bwana Sufiani, mwenye ofisi hii ya upimaji ardhi, anasema barua yangu ya kuthibitishwa ataiandika mwisho wa mwezi, inshallah. Hiyo inshallah yake inanitoa jasho.

Jumatano, 16 Julai

Aibu.

Adhuhuri huwa tunaswali palepale ofisini, chumba cha ramani. Leo bosi kasema: bwana mdogo, wewe msomi, tuswalishe. Simu ikabaki mfukoni. Rakaa ya tatu, ikatetemeka. Mama? Au lile kundi la harusi ya binamu? Nikakaa, nikatoa salamu.

"Subhanallah!" nyuma yangu, wote.

Nikasimama, nikaongeza iliyobaki, ya nne, tukasujudu sijda ya kusahau. Wakati wa kuvaa viatu Rehani, mpimaji wetu, akaniuliza: "Imamu, bando lilikata?" Bi Chausiku wa mapokezi akamkemea, amwache mwana wa watu, ana mawazo. Kutetewa kuliniuma zaidi.

Bosi akavaa viatu, akarudi mezani kwake. Heri angefoka.

Alhamisi, 17 Julai

Kikao cha dharura: umakini kazini. Bosi amefungua kundi la WhatsApp, "Umakini Kwanza". Anatuma ujumbe wa sauti mrefu kama hotuba ya Ijumaa. Asiyejibu papo hapo, kasema, hana umakini.

Nimejibu zote. Kazi sijafanya.

Jumanne, 22 Julai

Hotpoti! Bi Chausiku kaleta ile ya harusi yake, kubwa, ya maua mekundu. Wakati wa swala simu zote humo, hata ya bosi. Tukaiweka juu ya kabati. Inanguruma kama maharage. Tumepanga safu, macho yote kabatini.

Mteja kaingia, kauliza kama pilau ni la kuuza.

Jumapili, 27 Julai

Kaole, kwa bibi. Simu nimeizima tangu jana. Kanipa ungo nichambue mchele. Mkono unakwenda mfukoni wenyewe. Bibi akauliza: "Una upele, mjukuu wangu?"

Baadaye — sijui ilikuwaje — ungo ukaisha sijainua kichwa. Punje, jiwe, punje. Jioni nikasoma Yasini mwanzo mpaka mwisho na nikajua ninachosoma. Nikalia kidogo. Bibi asijue.

Jumatano, 30 Julai

Naandika nikiwa stoo, nimekalia sanduku la vipimo.

Bosi kaniita mbele tena. Nikaenda nikiwaza aibu ya siku ile. Lakini nilipofunga swala — kimya. Kila rakaa niliijua kama chumba cha nyumbani. Ya tatu goti la kushoto lililia ko. Ya nne halikulia. Nikatoa salamu, moyo mweupe.

"Subhanallah! Tatu hizo," bosi.

"Tatu, bosi," Rehani.

Bi Chausiku akasema yeye alikuwa anasikiliza hotpoti, ilinguruma swala nzima, anaogopa kusema uongo. Hotpoti! Mimi sikuisikia hata kidogo.

Bosi kwa upole: "Ongeza moja, bwana mdogo. Kama siku ile."

Sijui sauti ilitoka wapi. "Nne, bosi."

Bosi akacheka. Msahaulifu wetu leo ndiye wa kutukumbusha? Akafungua hotpoti, akamtumia sheikh wa msikitini ujumbe wa sauti. Simu zote zikatoka, kila mtu akainama kwenye yake. Mimi nikaambiwa nikakumbuke vizuri huku stoo.

Barua yangu ipo mezani kwake. Imechapwa. Kalamu juu yake, haijafunguliwa.

Rehani kachungulia sasa hivi: "Sema tatu, ndugu yangu, tukale. Unapungukiwa nini?"

Kweli, ninapungukiwa nini? Nimekubali makosa maisha yangu yote, mengine hata si yangu. Kusema tatu ni kazi ndogo.

Ila nilikuwepo swalani. Mle ndani mwote, ni mimi tu niliyekuwepo.

Simu ya bosi imelia. Sheikh kajibu. Namsikia kupitia ukuta: hajui, hakuwepo, aulizwe imamu mwenyewe kama ana yakini.

Viti vinasogezwa. Hatua. Bosi yupo mlangoni, ananiuliza rakaa ngapi — na kalamu ya barua yangu kaja nayo.