Vifungo vya Gauni Lako

Mjukuu wangu mpenzi,

Huku ugenini tulikozeekea mvua imekatika, na dari halivuji tena. Gauni lako la harusi limebakiza kushonwa vifungo tu. Bibi yako alinikataza nisikuambie zaidi ya hapo, ila nimeshindwa.

Paka wetu, tunayemwita Mpangaji kwa kuwa halipi kodi, alimng'ata bibi yako mkono wa kulia alipokuwa akimwondoa juu ya gauni. Vilikuwa vitundu viwili vidogo. Bibi yako, fundi cherehani yule, akaviziba kwa gundi ya nguo ili damu isichafue kitambaa cheupe.

"Tundu ni tundu tu, mzee," akanicheka, akaendelea kushona.

Daktari anasema mdomoni mwa paka wamo bakteria ambao yeye mwenyewe hawamdhuru. Gundi iliwafungia ndani ya jeraha, nao wamefika mfupani. Kesho mkono unakatwa.

Jana aliniuliza, "Mpangaji amekula?" Kisha akageukia ukutani.

Vifungo nimeanza kuvishona mwenyewe. Vimekaa upande. Akikuuliza, mwambie vimenyooka.

Ni mimi,
Babu yako