Nilisema Binti Yangu Anawaona Ndani ya Kompyuta

Binti yangu ameajiriwa na serikali, kitengo cha takwimu za afya, na kiti chake kinazunguka! Mpendwa mshauri, salamu zitafuata, naomba msaada kwanza maana nimejiaibisha.

Miaka saba alikuwa mtafiti wa vyura, anashinda kwenye vinamasi na mabuti yake akiwahesabu, na wenzangu wa kikundi cha ushonaji wakinicheka, "Mama Chura, leo wangapi?", nami nameza tu, mama wa msomi mwenye shahada mbili, kwa hiyo alipopata kazi hii kichwa kikavimba, nikawaambia, "Sasa chekeni! Mwanangu anawaona nyote ndani ya kompyuta, nani anameza vidonge gani, jina kwa jina," na si kweli, mshauri, nilitunga, mimi kompyuta naijua kwa kuipangusa vumbi.

Waliinamia vitambaa vyao wakashona, nikadhani nimeshinda. Kumbe mwenyekiti wetu, aliyenibandika hilo jina, ana presha, na tangu siku hiyo hajakanyaga zahanati, na maneno yametembea mtaa mzima. Juzi binti kaja, hata viatu hajavua: "Mama, zahanati yenu wagonjwa wa presha wameshuka ghafla. Vyura wakipungua hivi najua maji yameharibika. Hapa kumeharibika nini?" Nikamjibu labda wamepona. Akacheka, akanywa chai. Na nimeshaalika watu Jumamosi saa kumi jioni kumpongeza. Nifanyeje?

*

Mama, hongera. Umelea mtu anayeona pengo kwenye namba akafunga safari kuuliza. Aibu ni kwamba pengo umelichimba wewe.

Najua "Mama Chura" iliuma. Lakini presha haimsubiri mtu amalize kununa. Leo hii, kunja gazeti, nenda kwa mwenyekiti, sema "Nilidanganya," bila "lakini" wala "unajua". Msindikize zahanati, kaa naye kwenye benchi mpaka aitwe. Kisha mwambie binti kabla hajasikia kwingine, maana kazini atakayeulizwa ni yeye.

Sherehe usiivunje. Kabla mtu hajashika sahani, simama uyarudie yote mbele yao, halafu binti aeleze mwenyewe anachokiona na asichokiona kwenye kompyuta ile. Safari hii usimsaidie kueleza.

Waite hata waliokucheka, hao hasa. Jumamosi, saa kumi jioni, waje wote.