Jumatatu Nisimame Upande Upi wa Mlango?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usishangae, kwa kawaida mimi ndiye ninayeombwa, maana shule niliiacha njiani lakini dunia nimeimaliza, nimepika melini, nimepakua mizigo bandari tatu, naweza kugombana kwa lugha nne na kuomba radhi kwa mbili, ila hili la sasa limenikalia kooni.

Bohari nilimokuwa natunza stoo ilifungwa mwaka jana, nikabaki nyumbani nikihesabu mabati ya paa, na mtu asiye na kazi mtaani kwetu ni mali ya umma, huyu anakutuma kibiriti, yule anakuachia mtoto, basi siku muuza mkaa alipoteleza kwenye ule ubao tunaovukia mtaro akavunjika mguu, watu wakakutana wakaunda kamati ya kudai daraja, na walipofika kwenye kumchagua mwenyekiti, kinyozi akasema, "Tumpe Baharia, si ndiye mwenye nafasi?" wakapiga makofi, nami nikajiona mtu tena.

Nikapeleka barua ofisi ya mji. Karani akasema njoo kesho, nikaja, akasema njoo keshokutwa, nikaja, mpaka benchi likanizoea, siku moja akaniambia, "Baharia, nishikie dirisha nikanywe chai," nikashika, akaja mama na fomu nikamjazia, akaja mzee nikamwelekeza mlango, na sasa ni mwezi wa tatu nina kiti, nina mhuri, nina kikombe changu, mshahara ndio sina. Chumba cha mafaili kilikuwa jalala, nimekipanga kwa mtindo wa melini, kila faili na kitanda chake, hata barua yetu ya daraja iko salama salimini, nimeilaza mwenyewe kabati la chini pamoja na mambo yanayoweza kusubiri. Mkuu wa ofisi amesema mbele za watu kwamba hajaona kichwa kama changu, nami sikumbishia.

Nyumbani mke wangu, fundi cherehani, ananipigia pasi shati kila asubuhi. Aliniuliza, "Baba watoto, wamekuchukua?" nikakohoa, yeye akakichukua kile kikohozi kuwa ndiyo, akampigia simu mama yake. Mtaani nako wanasema mwenyekiti wetu hachoki, kutwa yuko ofisini anatupigania. Sijamdanganya mtu, mshauri, watu wamejidanganya wenyewe nami nikaona si adabu kuwakatiza.

Juzi kinyozi akaja mwenyewe dirishani, akauliza barua ya daraja imefikia wapi, na mdomo wangu, ambao siku hizi una tabia zake, ukasema, "Inashughulikiwa, njoo Alhamisi." Akainama akachungulia. "Baharia?" Nikamwambia, "Karibu." Akacheka akidhani natania, nikacheka na mimi, ila kicheko changu hakikutoka vizuri.

Basi kamati imeamua Jumatatu tuandamane hadi ofisini, mwenyekiti mbele. Mkuu naye kasikia, kaniita. "Hawa watu wa kwenu unawajua. Wapokee mlangoni, wapoze. Ukiwapoza vizuri, tutaangalia habari ya kukuandika rasmi." Kazi, mshauri, baada ya mwaka mzima. Na mke wangu anashona bango la kitambaa, herufi kubwa kama mito ya kulalia, DARAJA SASA, anasema atalishika yeye. Sasa nisimame nje niwaongoze au ndani niwapokee?

Ni mimi, Baharia wa Nchi Kavu.

Baharia,

Nimecheka, kisha nimenuna. Wewe si mtu mbaya. Umekaa bure mpaka kiti chochote kikawa kitamu, na hilo nalielewa: asiye na kazi hakosi riziki tu, hukosa hata pa kwenda asubuhi. Nakupa pole, tena ya kweli. Pole imeisha, sasa nisikilize.

Barua umeipeleka wewe, ukaipokea wewe, ukailaza wewe. Miezi mitatu mtaa mzima unamtafuta anayewachelewesha, kumbe yuko kwao anapigiwa pasi. Muuza mkaa anachechemea, wewe una kikombe.

Mkuu kakwambia "tutaangalia". Hapo dirishani umewaambia wangapi neno hilo, na wangapi wakaangaliwa? Dawa unayowauzia wenzako umeinywa mwenyewe ukalewa. Kweli mganga hajigangi.

Leo, mkeo akiwa bado na bango mapajani, mwambie yote, na usikohoe. Atanuna, vumilia. Mama mkwe usimwachie yeye, mpigie wewe. Ijumaa nenda ofisini, itoe barua kabati la chini, iweke juu kabisa mezani kwa mkuu, na umwambie uso kwa uso kwamba Jumatatu dirishani hutakuwepo. Jumatatu ondoka nyumbani na wenzako, shika ncha moja ya bango, mkeo ashike nyingine. Wakiwaambia barua haionekani, wewe taja kabati, taja rafu, taja rangi ya faili. Wakubwa hawaogopi kelele, wanazizoea. Wanamwogopa mtu anayejua karatasi ilipolala.

Na ajira? Wakikutaka kwa kupanga mafaili, watakuandika hata daraja likishajengwa, na hapo nitakuwa wa kwanza kukupongeza, maana kichwa unacho kweli. Wakikutaka kwa kuwapoza majirani, hiyo si kazi, ni ubao mwingine juu ya mtaro, nawe ndiye utakayekanyagwa.

Kikombe chako kichukue Ijumaa hiyo hiyo. Ukikiacha pale, utarudi kukifuata.