Ssebo Ilivyoninyima Kipande

Amoit mjukuu wangu,

Miezi minane hujakanyaga Malaba, kwani huko chuoni wamekufunga kamba? Sisi wazima, ng'ombe amezaa. Jirani Mama Ruth ananiandikia, na nimemkataza kupunguza ukali.

Unauliza kama uhangaike na kitambulisho, kwa vile karani wa kura amekataa kadi yako ya chuo. Sikia. Nikiwa msichana niliuza ndizi hapa mpakani, kwenye daraja la kuingia Uganda. Siku ya kuomba kipande, ndicho kitambulisho, nikamsalimia karani, "Habari, ssebo," vile nilizoea kuheshimu wateja Waganda kwa lugha yao. Akaweka kalamu chini.

"Wewe ni Mganda. Rudi kwenu."

"Kwetu ni hapo nyuma ya soko!"

Hakusikia. Nikaenda nalia. Kesho yake nyanya yangu akanishika mkono, akanirudisha kwa karani. "Huyu nilimpokea mimi akizaliwa," akamwambia. "Wewe ulipokelewa na nani?" Foleni yote ikacheka, karani akaandika. Kwa kipande hicho nimepiga kura mpaka leo.

Wewe nilikupokea mimi, Amoit, na bado niko hai kusema. Njoo Jumatatu twende kwa chifu tuombe kipande chako. Ukimsalimia, mwite mzee. Ssebo iache darajani.

Nyanya yako